Ukibonyeza "Nunua", unanunua nini hasa?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Miaka mitano iliyopita nilinunua filamu kama ishirini kwenye duka la mtandaoni nikijua ni mali yangu. Mwezi uliopita wanangu walitaka kuangalia katuni yao waipendayo, nikaitafuta, haipo. Sikurudishiwa hela wala sikupewa taarifa. Sasa tuna televisheni mpya kubwa na spika nzuri, na mke wangu ni mpenzi wa muziki wa zamani. Tufanyeje: tununue, tukodishe, tulipie usajili wa kila mwezi, au tupakue tu za bure kama wafanyavyo wenzetu? Halafu kuna CD za marehemu baba, zimejaa kabati zima. Nizitupe?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hiyo katuni, kwa sababu ukielewa ilikoishia, nusu ya maswali yako mengine yatajijibu yenyewe.

Ulipobonyeza "Nunua" hukununua filamu. Ulinunua leseni, yaani ruhusa ya kuitazama kupitia duka lile, kwa akaunti ile, kwa muda wote ambao duka lenyewe lina haki ya kuionyesha. Duka halimiliki filamu. Lina mkataba tu na mwenye hakimiliki. Mkataba ukiisha, au studio ikimuuzia mwingine haki zake, duka huiondoa rafuni, na mara nyingine huiondoa hata kwenye maktaba za waliokwisha kulipa. Hayo yote yalikuwemo kwenye yale masharti marefu uliyoyakubali kwa kidole kimoja. Sikulaumu. Mimi kazi yangu ni kuyasoma, na bado huwa nasinzia nikifika ukurasa wa tatu.

Wala si wewe peke yako. PlayStation ya Sony iliacha kuuza na kukodisha filamu mwishoni mwa Agosti 2021, ikawaambia wateja kwamba walizokwisha kununua wataendelea kuzipata. Mwaka uliofuata wateja wa Ujerumani na Austria wakaarifiwa kuwa filamu za kampuni ya StudioCanal walizozinunua zitatoweka kwenye maktaba zao, sababu ikiwa ni mikataba ya leseni. Desemba 2023 ikatoka taarifa ya namna hiyohiyo kuhusu vipindi vya Discovery. Safari hiyo watu walipiga kelele, mkataba ukapatikana, vipindi vikabaki. Jimbo la California nchini Marekani limetunga sheria iliyoanza kutumika Januari 2025: duka la kidijitali lisitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Sheria hiyo inaliacha nje duka linalokupa kitu unachoweza kukipakua na kukaa nacho moja kwa moja. Hiyo tofauti ishike vizuri, maana nitairudia.

Lakini kabla hujaizika katuni yako, ipe dakika kumi za uchunguzi. Fungua barua pepe zako utafute risiti. Angalia ilitumwa kwa anwani ipi. Watu wengi wana akaunti mbili bila kujua, moja ya barua pepe ya zamani na nyingine waliyofungua waliponunua simu mpya. Pili, akaunti ya duka hufungwa kwenye nchi. Ukiwa umehama, au umebadilisha nchi kwenye akaunti ili kadi mpya ya benki ikubaliwe, umehamia tawi jingine la duka, na kila tawi lina mikataba yake. Tatu, na hili limenikuta kwa wateja kuliko yote: televisheni mpya imefunguliwa kwa wasifu wa watoto, nao una kichujio cha umri. Filamu ipo, ila imefichwa. Ingia kwa wasifu wako mwenyewe uitafute tena. Ikikosekana huko kote, waandikie huduma kwa wateja, barua fupi, ukiweka namba ya risiti na tarehe. Yapo maduka yanayofidia ukiuliza. Ukinyamaza, usitegemee kitu.

Na hizo kumi na tisa zilizobaki, kama duka linaruhusu kuzipakua, zipakue leo kwenye kompyuta au tableti. Zitakuja na kufuli, hutaweza kuzihamishia popote upendapo, lakini nakala iliyo ndani ya kifaa chako ni afadhali kuliko jina kwenye orodha.

Kufuli hilo nalijua kwa uchungu. Miaka ya mwanzo ya muziki wa mtandaoni nilinunua albamu kumi na moja kwenye duka moja ambalo leo halipo. Siku hizo wimbo ulikuja umefungwa: ukibadilisha kompyuta, faili hupiga hodi kwenye seva ya duka kuomba ruhusa kabla ya kulia. Duka likafungwa, seva ikazimwa. Nilipohamia kompyuta nyingine mafaili yote yalikuwepo, majina sawasawa, ukubwa sawasawa, mpaka picha ya jalada. Ukibonyeza mara mbili kinatokea kidirisha kidogo, kinazunguka, kinatafuta anwani isiyo na mtu wa kuitikia, halafu kinakufa. Nyimbo nimezilipia, ziko mezani kwangu, na siwezi kuzisikia.

Tangu hapo, kabla ya kutoa hela najiuliza maswali mawili. Nitarudia hiki kitu mara ngapi? Na siku duka likifunga milango, mkononi kitabaki nini? Bei naitazama baadaye.

Tuanze na filamu za wakubwa. Kodisha. Watu wengi hujidanganya kuhusu kurudia. Tunanunua filamu tukisema tutaitazama tena, na hatuitazami. Chukua bei ya kununua uigawe kwa bei ya kukodisha. Jibu likija tatu na nusu, maana yake ni kwamba lazima uitazame mara nne ndipo kununua kuwe nafuu. Hesabu kwa uaminifu ni filamu ngapi za mwaka jana ulizitazama mara nne.

Kwenye maduka makubwa kama ya Apple, Amazon na YouTube utaratibu wa kawaida ni siku 30 za kuanza kutazama, na ukishaanza una saa 48 kumaliza. Nchi nyingine huwa pungufu ya hapo. Saa inaanza kuhesabu unapobonyeza kucheza, si unapolipa. Kwa hiyo usiifungue "kujaribu tu kama picha inatoka" siku ya Jumanne wakati mnataka kuitazama Ijumaa. Intaneti ijaribu kwa video yoyote ya bure. Angalia pia ukurasa wa filamu kabla ya kulipa: lugha ya sauti, na kama kuna maandishi ya chini unayoyataka. Na ukiweza kusubiri, subiri. Filamu inapotoka tu sinema kuingia majumbani bei yake huwa juu. Wiki kadhaa baadaye hushuka, na filamu ni ileile.

Usajili wa mwezi sina ugomvi nao, mradi ujue kuwa unalipia mlango na si vilivyomo ndani. Vilivyomo hubadilika kila mwezi. Netflix yenyewe ilianza mwaka 1998 kwa kukodisha DVD kwa posta, ikaingia kwenye kutiririsha, yaani kuonyesha filamu moja kwa moja mtandaoni, mwaka 2007, na bahasha zake za mwisho za DVD zilitumwa Septemba 2023. Kosa la kawaida ni kuwa na usajili wa huduma nne kwa pamoja huku mnatazama moja. Lipia moja, maliza mnachotaka, isitishe, hamia nyingine. Kwa kawaida ukisitisha leo utaendelea kutazama mpaka siku uliyolipia iishe, kwa hiyo sitisha palepale unapojiunga kama unajua unataka mwezi mmoja tu.

Sasa muziki wa mke wako. Hapa ndipo pazuri, kwa sababu muziki ndio eneo ambalo neno "nunua" bado lina maana yake. Duka la muziki la iTunes lilipofunguliwa Aprili 28, 2003 nyimbo zilikuwa na kufuli. Mwaka 2007 EMI ikawa ya kwanza kati ya kampuni kubwa za muziki kuliondoa kwenye nyimbo zake humo, na kufikia 2009 Apple, yenye duka hilo, ilikuwa imeliondoa kwenye nyimbo zote. Leo ukinunua wimbo au albamu kwenye duka la muziki unaloweza kupakua, kwa kawaida unapata faili huru: ihamishie simu, gari, flashi, spika ya jikoni, hakuna atakayepiga hodi kwenye seva ya mtu. Bandcamp, iliyoanzishwa mwaka 2008, hukupa uchague aina ya faili na sehemu kubwa ya hela humfikia msanii. Qobuz ya Ufaransa nayo inauza albamu za kupakua.

Usichanganye hilo na kitufe cha "pakua" kilichomo kwenye huduma za usajili. Nyimbo unazopakua ndani ya Spotify zimefungwa humohumo. Lazima uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 ili zisifutike, na ukiacha kulipa zinakwenda zote. Naona njia nzuri kwenu ni hii: tumieni huduma ya kusikiliza kutafutia na kukumbukia nyimbo, halafu zile ambazo mke wako huzirudia mpaka majirani wanazijua, zinunueni kama faili.

Kuna mtego mmoja kwenye muziki wa zamani ambao umewaliza wengi. Unatafuta wimbo wa ujana wako, unaukuta, jina ni lile, mwimbaji ni yuleyule, unalipa, unausikiliza, na kuna kitu hakipo. Sauti imezeeka, ngoma zinasikika kama za mashine. Ni kwamba wimbo umeimbwa upya miaka ishirini au thelathini baadaye, mara nyingi kwa sababu rekodi ya kwanza inamilikiwa na kampuni nyingine na mwimbaji alitaka kuwa na yake. Si utapeli, ila si ule wimbo. Hiyo ni tofauti na rekodi ya asili iliyosafishwa. Kusafisha ni kuchukua kanda ileile na kuinyoosha sauti. Sikiliza kionjo mpaka sekunde ya mwisho, angalia mwaka wa rekodi na jina la kampuni, na uogope mikusanyo ya "nyimbo 50 bora" yenye jalada lisilo hata na picha ya mwimbaji. Mke wako atajua ndani ya sekunde tano. Mwache yeye ndiye abonyeze.

Kuhusu aina za faili. CD hubeba sampuli, yaani vipimo vidogo, 44,100 za sauti kila sekunde, kila moja ya biti 16, kwa njia mbili, kushoto na kulia. Ukizidisha unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde, kwa hiyo wimbo wa dakika nne unachukua megabaiti 42 hivi. MP3 ya kilobiti 320 inaushusha wimbo huo hadi karibu megabaiti 10 kwa kutupa sauti ambazo sikio kwa kawaida halizinasi. FLAC, aina nyingine ya faili, hubana bila kutupa chochote, na mara nyingi huishia kati ya nusu na theluthi mbili za ukubwa wa CD. Kama bei ni moja chukua FLAC. Siyo kwamba utasikia tofauti na MP3 nzuri, pengine hutaisikia. Ni kwamba kutoka FLAC unaweza kutengeneza MP3 wakati wowote, lakini kutoka MP3 huwezi kurudisha kilichotupwa. Hata nyimbo elfu moja za FLAC zinaenea kwenye flashi ya gigabaiti 32 au 64.

Juu ya hapo watakuuzia faili za biti 24 kwa bei kubwa zaidi. Hela hiyo usiitoe. Sogeza spika zenu ziachane kidogo na ukuta, zitazame mnapokaa, ziwe usawa wa masikio. Hiyo ni bure na utaisikia siku hiyohiyo.

Turudi kwenye filamu, zile chache ambazo kweli mtazirudia. Tofauti na muziki, studio kubwa hazijakubali kuuza filamu bila kufuli. Kwa hiyo anayetaka kitu cha kubaki mkononi amebakiwa na diski, na mimi bado nazinunua. Diski utaiazimisha, utaiuza, utairithisha. Faili ya filamu yenye leseni huwezi kufanya lolote kati ya hayo. Hata kwa muziki usio na kufuli, mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Marekani iliyoko New York iliamua mwaka 2018, katika kesi ya kampuni ya ReDigi, kwamba kuuza tena faili la wimbo ulilonunua ni kukiuka hakimiliki, kwa sababu haliwezi kumfikia mnunuzi bila nakala mpya kutengenezwa.

Kwa televisheni kubwa DVD itakusikitisha. Picha yake ina mistari 480 au 576 tu, na ukiitandaza kwenye kioo kikubwa nyuso zinakuwa kama zimeonekana kupitia dirisha lenye vumbi. Blu-ray, diski iliyokuja baada ya DVD, ina mistari 1,080 na diski ya tabaka mbili inabeba gigabaiti 50. Linganisha na filamu ya saa mbili inayotiririka kwa megabiti 5 kwa sekunde, ambayo yote ni gigabaiti nne na nusu. Kwenye matukio ya giza, moshi na maji utaiona tofauti bila kuambiwa: kwenye mtandao giza hukatika vipandevipande, kwenye Blu-ray linabaki giza.

Diski zina masumbufu yake. DVD zimegawanywa kwa kanda za dunia, 1 hadi 6, na deki ya kanda moja hukataa diski ya nyingine. Blu-ray za kawaida zina A, B na C. Namba iko nyuma ya kasha, ndani ya picha ndogo ya dunia. Ukiagiza kutoka mbali iangalie kabla ya kulipa. Blu-ray za 4K, zile za picha kali zaidi, hazina mgawanyo huo. Deki zenyewe zinapungua: Samsung ilijitoa kwenye deki mpya za Blu-ray nchini Marekani mwaka 2019. Ukiwa na nzima, itunze. Diski ikichafuka, futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usifute kwa kuzungusha. Mkwaruzo unaofuata mzunguko hufuatana na njia ya data, na deki hushindwa kuuruka.

Kitu kimoja zaidi kabla hujalipia chochote cha 4K, kwa kununua au kukodisha. Ubora unaoulipia si lazima uuone. Huduma hizi hukagua kama kifaa chako kimethibitishwa, na kinachotumika kwenye vifaa vingi vya Android ni mfumo wa Google uitwao Widevine. Kifaa cha daraja L1 hupewa picha kamili. Cha L3, kama yalivyo maboksi mengi ya bei rahisi, hupewa picha ya kiwango cha chini hata kama umelipia cha juu. Kivinjari cha kompyuta nacho mara nyingi kina kikomo. Tumia programu iliyomo kwenye televisheni yenyewe, na mara ya kwanza kodisha, usinunue, uone kinachotokea.

Watoto ni kisa kingine kabisa, kwa kuwa wao ndio pekee nyumbani wanaorudia kweli. Katuni ya dakika 90 kwa megabiti 5 kwa sekunde ni gigabaiti 3.4. Wakiitazama mara kumi mtandaoni, umetumia gigabaiti 34 kwa katuni moja wanayoijua kwa moyo. Ipakuliwe mara moja ndani ya programu, kwenye tableti, au inunuliwe diski. Ningekuwa wewe, katuni iliyopotea ningeitafuta kwa diski, hata iliyotumika. Wao hawaangalii mistari ya picha.

Mtu atakuambia uiweke kwenye flashi uichomeke nyuma ya televisheni. Filamu zilizopakuliwa ndani ya programu hazihamishiki hivyo, lakini mafaili huru, kama video zenu za familia au filamu zisizo na hakimiliki, yanahamishika, na hapo utakutana na hili. Jirani aliniita usiku mmoja: flashi mpya ya gigabaiti 64, haina kitu, faili la gigabaiti 5, na kompyuta inamwambia faili ni kubwa mno. Alikuwa ameshaifuta na kuirudia mara tatu, na alikuwa tayari kuirudisha dukani. Flashi ilikuwa nzima. Imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja la kuanzia gigabaiti 4, hata kama nafasi imebaki tele. Tukaipanga upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, jambo linalofuta kila kilichomo kwa hiyo hamisha vyako kwanza, na faili likaingia. Televisheni za miaka ya karibuni nyingi husoma exFAT. Za zamani zingine hugoma. Picha ikitoka bila sauti, au sauti bila picha, ujue televisheni haiwezi kusoma namna faili lilivyobanwa. Lijaribu kwenye kompyuta kwa VLC, pleya ya bure inayofungua karibu kila kitu.

VLC inanileta kwenye "za bure". Za bure halali zipo, tena nyingi. Nchini Marekani kila Januari mosi kazi za zamani huisha hakimiliki. Mwaka 2025 zilikuwa kazi zilizotoka 1929 na rekodi za sauti za 1924, na nchi nyingine zina hesabu zao. Internet Archive, iliyoanzishwa 1996, ina filamu na rekodi za namna hiyo unazoweza kupakua ukakaa nazo. Wapo pia wanamuziki wanaotoa kazi zao kwa hiari yao, kwa leseni za Creative Commons zinazoruhusu watu kuzinakili. Wenzako ninaohisi unawasema hawapakui huko.

Sitakuhubiria, unajua kwamba ni kinyume cha sheria na kwamba mwenye jasho lake halipwi. Nitakueleza ninachokiona ninapoletewa kompyuta. Faili linaitwa jina la filamu mpya, linaishia ".mp4.exe", na Windows kwa kawaida huficha zile herufi tatu za mwisho, ambazo ndizo alama ya programu, kwa hiyo mwenye kompyuta aliona ".mp4" akabonyeza. Filamu haifunguki. Programu imeshaingia, na inachotafuta ni nywila zako zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Namna nyingine ni filamu inayofunguka sekunde kumi kisha inadai usakinishe pleya yao maalumu. Hakuna filamu inayohitaji pleya maalumu. Kama VLC imeikataa, ifute. Na kama kwenye kompyuta hiyohiyo unafanyia mambo ya benki, basi hiyo filamu si ya bure hata kidogo.

Nimebakisha kabati la baba. Usitupe hata moja. Zile ni nakala za ubora kamili, hazina kufuli, na ni zenu. Zihamishie kwenye kompyuta kwa FLAC. Hata Windows Media Player ya Windows 10 inaweza, ukibadilisha aina ya faili kwenye mipangilio, na CD moja humalizika kwa dakika chache. Kompyuta isiyo na tundu la diski itahitaji kisomeo cha nje cha USB. Angalia sheria ya mlipo: nchi nyingi zinaruhusu nakala ya matumizi yako mwenyewe, lakini si zote. Uingereza iliruhusu Oktoba 2014 na mahakama ikaifuta ruhusa hiyo Julai 2015. Mafaili yaweke mahali pawili, diski kuu ya nje na kompyuta kwa mfano, maana diski kuu hufa bila kuaga.

Zigeuze kwanza uzipange. Zenye fedha safi upande wa chini zilitengenezwa kiwandani, zina muda. Zenye rangi ya kijani, bluu au dhahabu ni zile baba alizochoma mwenyewe. Data yake imeandikwa kwenye rangi inayofifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo anza na hizo wikiendi hii. Ikikwama moja, ijaribu kwenye kisomeo kingine kabla hujakata tamaa. Visomeo hutofautiana sana kwa uvumilivu. Kama ameandika kwa kalamu juu yake, majina ya nyimbo au tarehe, ipige picha ule mwandiko uuweke kwenye folda moja na nyimbo zake. Wino wa kalamu nao hufifia.